Nilizuiwa kusafiri nikajiona mfungwa Kaole, mpaka jirani aliponipeleka kutembea baharini kwa miguu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi ila mwandishi wa mara chache. Hili nimekaa nalo muda, na kila nikilisimulia kwa mdomo watu wanadhani naongeza chumvi. Siongezi. Kovu liko kwenye mguu wangu wa kushoto, na jirani ninayemzungumzia yupo, mzima wa afya.

Ni refu kidogo. Mwenye haraka aruke, hatutagombana.

Ninakaa Kaole, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kwetu ni Makete, kwenye baridi na viazi. Huku nililetwa na kazi, nafundisha kwenye chuo kimoja.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, milima.

Wengine weekend yao ni mpira, mimi ni backpack na buti. Ijumaa jioni ukija kwangu hunikuti. Nimeshatembea Usambara, Uluguru, Udzungwa. Meru nimepanda mara mbili, Kilimanjaro mara moja. Sio tour guide, silipwi na mtu. Ni vile tu nikiwa napanda, kifua changu kinafunguka.

Bahari je? Hapa niseme ukweli wa aibu. Miaka miwili ya mwanzo hapa Kaole, bahari iko dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, na miguu yangu haikuwahi kulowa kupita kifundo. Niliiona ni kitu cha watu wa picha za harusi. Tambarare, haina changamoto.

Na jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mtu mzima, nilikuwa namwamkia shikamoo huku natembea. Jina lake nilikuwa silijui. Miaka miwili, wakuu.

Basi ikaja corona.

Boss wetu akaita kikao. Ikapitishwa kwamba mfanyakazi haruhusiwi kutoka nje ya wilaya bila kibali cha maandishi, na atakayetoka akirudi atakaa nyumbani siku kumi na nne. Simlaumu, kila mtu alikuwa anaogopa. Wanafunzi wakaondoka, sisi tukaambiwa tubaki karibu tusubiri maelekezo.

Wakati huo group letu la hiking la WhatsApp, watu saba, tulikuwa tunajiandaa kwenda Mlima Kenya. Mazoezi tangu mwaka mpya. Mipaka ikafungwa, safari ikafa siku hiyohiyo.

Halafu mke wangu na binti yetu Neema walikuwa Mbeya, wamekwenda kumuuguza mama mkwe. Tukakubaliana wabaki hukohuko, maana kupanda na kushuka mabasi kisha kurudi kwa mgonjwa ilikuwa hatari.

Kwa hiyo nikabaki mimi na kuta nne.

Wiki ya kwanza nilijiona kidume. Ya pili nikaanza kununa. Ya tatu nilikuwa nimeshaharibika. Sipiki, nakula mkate mkavu na chai. Simu za marafiki sipokei. Siku moja nilimfokea Neema kwenye simu, mtoto wa miaka minne, eti kwa sababu ameuliza mara mbili nitakuja lini. Mama yake akachukua simu, akaniuliza taratibu, "Uko sawa kweli?"

Sikuwa sawa.

Dawa niliyojitungia ilikuwa hii: nachukua backpack, naweka matofali sita, nazunguka nyumba. Raundi mia mbili asubuhi, mia mbili jioni. Nyumba yenyewe ndogo, nadhani hata kuku walikuwa wananihurumia.

Mtaani ikaenea habari kwamba mwalimu amechanganyikiwa.

Siku ya nne au ya tano hivi, yule mama akasimama kwenye uzio wa makuti, akanitazama nikipita. Nikapita tena. Mara ya tatu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba Neema, hiyo nyumba imekukosea nini?"

Nilisimama na matofali yangu mgongoni. Kilichonigonga ni kwamba jina la mwanangu analijua.

Ndipo nikamuuliza lake. Bi Zuhura. Mjane, wakati huo anakaribia miaka hamsini na mitano, anakaa na mkwe wake Salma, mke wa mwanawe ambaye kazi yake iko Dar. Nyumba ya tatu kutoka pale anakaa wifi yake, Mwanaidi. Nilimweleza kuhusu milima, kikao, Mbeya, kila kitu. Nilizungumza kama bomba lililopasuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Pole, mwanangu," akaingia ndani.

Nikadhani yameishia hapo.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndio unaanza. Magharibi ile ile, hodi. Salma na sahani imefunikwa kawa: magimbi ya nazi, tambi, na kikombe cha uji wa pilipili manga. Nikamwambia mimi ni Mkristo, sifungi. Akanijibu mama kasema njaa haiulizi dini.

Ikawa kila jioni. Mwezi mzima, hakuruka hata siku moja. Na mimi nikajifunza kutorudisha sahani tupu, naweka ndizi, au embe, au chochote kilichopo. Nilianza kuoga kabla ya magharibi ili nisimpokee Salma nikiwa kama kichaa. Mtu akikuletea chakula kila siku unajikuta unajiheshimu kidogo.

Idi ikapita. Bi Zuhura akaniita uani. Akaniambia bamvua inaingia, yaani zile siku maji yanapokupwa mbali sana, na yeye, Salma na Mwanaidi watakwenda mwambani kutafuta pweza na chaza. Kama nataka kutembea, nitatembea mpaka niseme basi.

Ila akaweka sharti. Kwanza azungumze na mke wangu.

Wakuu, nilipiga simu, nikampa. Wakasalimiana dakika tano nzima, habari za mgonjwa, za mtoto, za mvua. Ndipo akasema: sisi ni wanawake watatu, tunataka kwenda pwani na mumeo, anaumwa na kukaa ndani, nimeona si adabu kumchukua bila wewe kujua. Mke wangu akasema mchukueni, na mkiona anafaa mrudi naye.

Mpaka leo nikikumbuka ile heshima nashika kichwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi nikatokea na buti zangu za mlimani, backpack, fimbo mbili za kukunja. Bi Zuhura akazitazama zile buti kwa huruma. Akanirudisha nikavae raba kuukuu, nibebe dumu la maji ya kunywa na kofia, basi.

Tukaingia.

Sijui niwaelezeje. Bahari ilikuwa imeondoka. Kule ambako siku zote ni maji, kumekuwa nchi: mchanga wenye mistari, majani ya baharini, madimbwi yenye samaki wadogo wa bluu. Tukavuka mkondo, maji ya magoti, tukatokea kwenye fungu la mchanga, na mbele ya fungu kuna mwamba mrefu mpaka jicho linachoka. Ukigeuka nyuma, minazi ya Kaole imekuwa midogo kama njiti.

Tulitembea saa tatu. Mapaja yaliniwaka. Mimi niliyepanda Meru, na wale mama wananiacha nyuma huku wanapiga soga.

Na kifua kikafunguka, kile kile cha mlimani.

Bi Zuhura alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwamba kila baada ya muda ugeuke utazame nyuma, usivutwe na pweza ukasahau mkondo. Kwamba pweza hujificha tunduni, ila hutupa maganda ya chakula chake mlangoni, ukiona maganda umeona nyumba. Na kwamba kwenye mchanga wenye maji usinyanyue miguu, buruta. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hulala amejifukia, ukiburuta anasikia anaondoka, ukimkanyaga anakupiga mwiba wa mkia.

Nikawa mmoja wao. Kila bamvua nipo, mara mbili kwa mwezi, siku nne tano mfululizo. Matofali niliyarudisha kwenye banda la kuku. Mke wangu akaniambia sauti yangu imerudi.

Sasa, bamvua ya tatu.

Tulikuwa tumeshamaliza. Siku hiyo ilikuwa njema, Salma kapata pweza wawili wakubwa, ndoo zote tatu zina chaza. Maji yameanza kujaa taratibu, tunarudi, tumefika kwenye fungu. Mimi nikaona kwenye kidimbwi kiti cha pweza (nyota ya baharini) chekundu, kikubwa kama sahani. Nikasema Neema lazima akione hiki. Nikatoa simu, nikaenda kwa hatua ndefu, magoti juu, kama napanda ngazi.

Nilihisi kitu kinateleza chini ya unyayo, halafu moto.

Sio maumivu ninayoyajua. Nimewahi kuvunjika kidole mlimani, nikashuka nacho. Hii ilipanda kutoka kwenye mguu mpaka kwenye kinena, nikaanguka kwenye maji nikipiga kelele ambazo sizitambui. Simu ikaenda zake.

Wakaja wote. Mwiba ulikuwa umeingia juu ya kifundo na kipande kimekatikia ndani. Bi Zuhura akazuia mkono wangu nisiuchomoe. Akafunga kanga kwa kukaza, damu ikapungua.

Nikasimama, nikaanguka. Nikajaribu tena kwa kuwashika mabega Mwanaidi na Salma, hatua kumi, nikaanguka nao.

Hapo nikatazama mbele. Mkondo tuliouvuka kwa magoti umeshaanza kujaa, na unajaa kwanza kuliko kwingine. Kutoka pale mpaka pwani ni karibu saa moja kwa mtu mzima wa miguu. Nyuma yetu mwamba umeshafunikwa. Mimi kuogelea sijui. Mtu wa Makete ataogelea wapi?

Nikawaambia waniburute haraka tuvuke kabla maji hayajawa marefu. Nilisema kwa kufoka, kama nilivyomfokea mwanangu.

Bi Zuhura akakataa.

Alimwambia Salma aache kila kitu akimbie, avuke sasa hivi, akatafute mtumbwi. Salma akaondoka mbio, maji yakimfika mapajani. Halafu Bi Zuhura akachukua ndoo mbili zenye mifuniko, akamwaga chaza zote. Akamwaga na wale pweza. Kazi ya asubuhi nzima, na mboga ya nyumba mbili, ikarudi baharini bila yeye kuiangalia mara ya pili. Akafunga mifuniko kwa nguvu, akazifunga ndoo kwa kanga, moja kila kwapa langu, fundo kifuani.

Nikamuuliza tunasubiri nini.

"Tunasubiri maji," akasema. "Hatuwezi kukubeba, mwanangu. Bahari, yeye atakubeba. Anaingia, hatoki. Anakwenda nyumbani."

Wakuu, mnajua ni nini kukaa kwenye mchanga huku maji yanapanda, kiunoni, kifuani, na aliye na akili ya kukuokoa amekaa pembeni yako ametulia kama anasubiri basi? Nilisali sala zote ninazozijua. Mwanaidi alikuwa anasoma zake kwa sauti ya chini upande wa pili. Zikachanganyika.

Yalipofika kifuani, Bi Zuhura akanilaza chali. Ndoo zikanibeba. Nikaelea.

Mwanaidi akashika mguu mbovu usizame, Bi Zuhura akanishika kichwa kwa nyuma, kidevu changu juu. Na maji kweli yakatuchukua. Walikuwa wanapiga miguu kidogo tu, kuelekeza. Mkondo niliokuwa nauogopa ndio uliotusukuma kwenda pwani, kwa mwendo ambao tungetembea tusingeupata.

Nikaanza kulegea, macho yanafunga. Hapo akaanza kunihoji kuhusu milima. Mlima wa kwanza nilipanda na nani? Kuna baridi kiasi gani? Huko juu wanaswali wapi? Nikijibu kwa mkato anauliza lingine. Nikamweleza Meru yote, kutoka getini mpaka kileleni, nikiwa chali natazama mawingu. Akaniambia yeye kitu kirefu alichopanda ni ngazi za ghorofa la mwanawe, na safari yake ya mbali upande wa bara ni harusi moja kule Miono.

Mtumbwi ulitukuta tumeshavuka mkondo. Salma alikuwa mbele, amesimama, analia na kucheka kwa pamoja.

Nyumbani wakanitumbukiza mguu kwenye maji ya moto, yale ya kuvumilika, maumivu yakashuka kwa mara ya kwanza. Kisha bodaboda, hospitali, mwiba ukatolewa, sindano, dawa. Daktari akasema nimewahi.

Wiki mbili sikukanyaga chini. Maji nilichotewa. Chakula nililetewa. Mwanaidi aliufua mpaka mfuko wangu wa kulalia wa mlimani, akauliza hili gunia ni la nini. Mke wangu alipigiwa simu na Bi Zuhura kabla mimi sijapata simu nyingine, akaambiwa mumeo amekanyaga taa, yupo, anakula vizuri, usije na haraka zako. Alipokuja na Neema mwezi uliofuata, njia zimeshafunguliwa, alikwenda kwanza uani kwa Bi Zuhura kabla ya kuingia kwetu. Walikumbatiana kama wanaojuana miaka.

Nilijaribu kuomba radhi kwa kufoka kule kwenye fungu. Bi Zuhura akasema hakumbuki. Anakumbuka sana, ila ndivyo alivyo.

[Nimeongeza hapa: kuna mdau kauliza kwa nini sikuvaa buti zangu zingenikinga. Mkuu, mwiba uliingia juu ya kifundo, na kwa zile buti zikijaa maji ningezama nazo. Tosheka.]

Sasa sehemu ninayojivunia kuliko zote.

Mambo yalipofunguka group letu likafufuka. Nikamwomba Bi Zuhura aje nasi Uluguru. Akakataa. Mwaka uliofuata nikamwomba tena, akasema watu watamcheka. Mara ya tatu nilimtuma Neema. Akakubali, kwa sharti Salma aje.

Tulipita Chalinze, tukapita Ubena, na kila kilomita ilikuwa mpya kwake. Alikaa dirishani hakusinzia hata kidogo.

Morogoro, chini ya mlima, tuna desturi ya kujitambulisha. Kila mtu anataja jina na milima aliyopanda. Watu wa Dar wakataja yao, wengine mpaka ya nje ya nchi, kwa madaha kabisa. Ikafika zamu yake. Amevaa raba za mwanawe, baibui limekunjwa kiunoni, mkononi ana kapu la mkate wa kumimina.

"Mimi Zuhura binti Omari, wa Kaole. Mlima sijapanda hata mmoja. Bahari naijua kwa miguu."

Wakapiga makofi, na mimi nikajikuta nakausha macho kwa mgongo wa mkono, nimesingizia vumbi. Nilijisikia fahari ambayo siku ya Kilimanjaro sikuisikia.

Alipanda taratibu, mwendo mmoja tu, hakukimbia na hakusimama ovyo. Vijana waliotutimkia mwanzoni tuliwakuta wamekaa njiani wanahema, akawagawia mkate. Kwenye utelezi alinipa mkono, nikaushika, tukapita.

Tukafika. Mawingu yalikuwa chini yetu, yanatembea. Alikaa kwenye jiwe, akainua mikono akaomba dua. Kisha akaniomba nimpigie Mwanaidi, nikaweka loudspeaker.

Akamwambia, "Wifi, niko juu. La, sijachoka. Huku mawingu unayatazama kwa chini."

Mwanaidi akacheka, akapiga kigelegele kwenye simu, kisha akauliza kama Baba Neema hajambo.

"Hajambo," akasema. "Yupo hapa, kanileta."

Basi wakuu, huo ndio mkasa wangu.

Nilichojifunza sio kikubwa. Nilidhani nimefungiwa kwa sababu barabara imefungwa. Kumbe nilikuwa nimejifungia tangu nilipohamia, barabara zikiwa wazi, kwa kupita mbele ya watu kila siku bila kuwaona. Mwanamke ambaye sikuwa najua hata jina lake alimwaga riziki yake baharini ili mimi nielee. Nikihama Kaole leo, nitahama nikiwa mtu mwenye ndugu pwani.

Nanyi semeni: wakati njia zimefungwa, kwa corona, kwa mafuriko, kwa ugonjwa, kwa chochote, ni nani aliyekutoa ndani? Mtajeni hapa kwa jina lake la mtaani, apate heshima yake. Na wataalamu wa taa, kama kuna mahali nimekosea, sahihisheni bila matusi.

Nitasoma comments mchana maji yakijaa. Saa hizi yanakupwa, na Bi Zuhura ameshapiga hodi mara mbili.